Riziki ya Gizani

Ukiwa Korogwe au Handeni huenda ukasema: sisi watu wa bara, bahari yatuhusu nini? Basi utazame mto. Maji ya Mto Pangani yapitayo Korogwe hayakomi mpaka yamwagike katika Bahari ya Hindi. Na mambo yaliyomo kilindini mwa bahari hiyo yana mfano wake shambani mwako.

Ng'oa mche wa kunde. Mizizini utaona vifundo vidogo. Humo wanakaa bakteria, ambao huchukua naitrojeni ya hewani wakaifanya mbolea ya kunde. Nazo kunde huwapa bakteria sukari na makao. Mholanzi Martinus Beijerinck aliwatenga bakteria hao mwaka 1888. Mwaka mmoja kabla yake, Mrusi Sergei Winogradsky alichunguza bakteria wengine, akaona kwamba hupata nguvu zao katika gesi ya salfa, ile inukayo kama yai viza. Elimu hiyo ikakaa vitabuni karibu miaka 90, na hakuna aliyejua ukubwa wake.

Ikafika Februari 1977. Wataalamu wa Marekani walizama kwa chombo kiitwacho Alvin karibu na visiwa vya Galápagos, kiasi cha mita 2,500 chini ya maji. Walikwenda kutafuta chemchemi za maji moto. Wakazipata, na kando yake wakakuta wasilolitazamia: viumbe tele mahali pasipofika mwanga wa jua. Baadaye ikajulikana kuwa mnyoo mmoja wa huko, ambaye huweza kufikia urefu wa mtu mzima, hana kinywa wala utumbo. Sasa anakula nini?

Jawabu lilitoka kwa mwanafunzi. Colleen Cavanaugh, aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Harvard, alikuwa darasani akimsikiliza mtaalamu Meredith Jones. Jones alipotaja chembe za salfa alizoziona mwilini mwa mnyoo huyo, Cavanaugh aliinuka akasema kwamba bila shaka mna bakteria ndani yake. Ushahidi wake ulichapishwa mwaka 1981. Mnyoo huvuta gesi ya salfa na oksijeni kwa damu yake, akawafikishia bakteria. Nao humtengenezea chakula. Gesi hiyo ni sumu kwetu sisi, kumbe kwa wengine ndiyo chanzo cha riziki.

Usidhani kwamba haya ni ya bahari za mbali tu. Agosti 2000 Wajapani waligundua chemchemi za Kairei, katika Bahari yetu ya Hindi, kusini mashariki ya Morisi. Mwaka 2001 akaonekana huko konokono ambaye mguu wake umevikwa magamba yenye madini ya chuma, naye huwalea bakteria katika tezi ya kooni mwake. Hata katika nyasi bahari za pwani yetu wamo kombe wanaoishi na bakteria wa namna hiyo. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba kombe hao huondoa sumu ya salfa matopeni, nyasi zikapata kustawi. Samaki wangapi wa kitoweo chetu hukulia katika nyasi hizo!

Lakini chemchemi hizo za kilindini hujenga miamba yenye shaba, zinki na dhahabu, na tamaa imeshafika huko. Mataifa kadhaa yana vibali vya kutafuta madini katika Bahari ya Hindi, vilivyotolewa na Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao yake Kingston, Jamaika. Mwaka 2019 konokono yule aliingizwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, kwa sababu ya hofu ya uchimbaji huo.

Watu wa Handeni wanayajua machimbo ya dhahabu. Wameona kwamba shimo likishachimbwa, ardhi hairudi kama ilivyokuwa. Hata hivyo mwenye shamba aweza kusimama akadai haki yake. Konokono wa Kairei hana ulimi.

Tanzania iliridhia mkataba wa sheria ya bahari mwaka 1985, na ni mwanachama wa mamlaka hiyo. Kwa hiyo neno letu lina mahali pa kusemewa. Wafundishe watoto wako jambo hili, kwani asiyejua kilichomo hawezi kukitetea.