"Shall" na Mzigo wa Kiambishi -ta- katika Sheria za Kiswahili

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Tangu hapo kazi ya kufasiri sheria zilizotungwa kwa Kiingereza imekuwa ya lazima, na neno linalomkabili mfasiri karibu katika kila kifungu ni "shall". Mazoea ni kulifasiri kwa kiambishi cha wakati ujao: Waziri atateua, mahakama itamweleza mshtakiwa, mwajiri atalipa. Ninashikilia kwamba mazoea haya yanapotosha maana, na kwamba Kiswahili hakina sababu ya kurithi udhaifu ambao Kiingereza chenyewe kinahangaika kuuondoa.

Asili ya neno inaeleza mengi. Katika Kiingereza cha kale, "sceal" kilikuwa kitenzi chenye maana ya kudaiwa. Kijerumani kimeuhifadhi ukoo huo katika "Schuld", neno linalobeba deni na hatia kwa pamoja. "Will", kwa upande wake, lilikuwa kitenzi cha kutaka. Maneno yote mawili yalisogea polepole hadi kuonyesha wakati ujao, yakaanza kugongana. John Wallis, mwanahisabati aliyeandika sarufi ya Kiingereza kwa Kilatini mwaka 1653, alijaribu kuyawekea mipaka: kwa nafsi ya kwanza "shall" litabiri na "will" liahidi, kwa nafsi ya pili na ya tatu iwe kinyume chake. Kanuni hiyo ilifundishwa kwa vizazi vingi, lakini usemi wa kawaida haukuitii, hasa Marekani. Leo "shall" limebaki zaidi katika mikataba na sheria.

Sasa tutazame kwetu. Kiambishi -ta- kimetokana na kitenzi "taka", na mabaki yake yanasikika bado tunaposema "atakayekuja" au "watakaosoma". Kwa hiyo ndugu wa -ta- ni "will", neno la utashi. "Shall", neno la deni, halina udugu nalo. Asili pekee haiamui matumizi ya leo, nakubali, lakini masikio ya wasemaji yanaelekea huko huko. Wafasiri wa Biblia walilielewa hilo. Amri Kumi katika Kiingereza cha 1611 zimejaa "shalt". Katika Biblia ya Kiswahili makatazo yamewekwa kwa kitenzi cha kukataza, wala hayakusemwa kama habari za kesho.

Mtu anaweza kunijibu kwamba mzazi akimwambia mwanawe "utakwenda shule", mtoto haulizi kama huo ni utabiri. Ni kweli. Lakini amri hiyo inabebwa na sauti, na mzazi mwenyewe amesimama pale. Kifungu cha sheria hakina sauti. Mwenye nyumba wa Kigoma anayesoma kwamba baraza "litasikiliza shauri ndani ya siku thelathini" ana haki ya kujua kama ameahidiwa, ameelezwa utaratibu, au kuna mtu aliyefungwa na wajibu.

Hata kwa Kiingereza, jambo hili limewasumbua majaji. Mwaka 1995 Jaji Ruth Bader Ginsburg wa Mahakama ya Juu ya Marekani alieleza kwamba waandishi wa sheria hulitumia "shall" wakati mwingine kwa maana ya inafaa, ya itakuwa, na hata ya anaweza. Kanuni za mashauri ya madai za mahakama za shirikisho nchini humo ziliandikwa upya mwaka 2007 na neno hilo likaachwa. Afrika Kusini ilikuwa imetangulia: Katiba yake ya 1996 hutumia "must" panapokusudiwa wajibu.

Kenya ilibaki na "shall", na gharama yake imeonekana. Ibara ya 81 ya Katiba ya 2010 inasema, kwa neno hilo hilo, kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe wa vyombo vya kuchaguliwa. Desemba 2012, majaji wengi wa Mahakama ya Juu walitoa maoni kwamba sharti hilo litekelezwe hatua kwa hatua, si lazima katika uchaguzi wa 2013. Jaji Mkuu Willy Mutunga hakukubaliana nao. Mwaka 2020 aliyemrithi, David Maraga, alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kulitekeleza sharti hilo. Ibara ya 261 inatumia "shall" kwa ushauri wenyewe na kwa uvunjaji pia. Bunge halikuvunjwa. Sisemi neno moja ndilo lililowanyima wanawake wa Kenya viti vyao, kwa maana siasa ilikuwa na mkono mzito zaidi. Lakini neno lililegea pale ambapo lilitakiwa kukaza.

Tanzania nayo ina mfano wake. Kifungu cha 53 cha Sura ya 1 kinaagiza kwamba sheria ikimpa mtu jukumu kwa "shall", jukumu hilo ni lazima litekelezwe. Hata hivyo Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya jinai iliyosajiliwa mwaka 2006, iliamua kwamba ndani ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai neno hilo si la lazima kabisa, bali linategemea kifungu cha 388, kinachouliza kama kasoro imesababisha haki kupotea. Uamuzi wenyewe unaweza kutetewa vizuri. Ninachokiona mimi ni kwamba wanasheria wanaosema maana ya "shall" imeshatulia, na kwamba tusiiguse, hawana ushahidi upande wao.

Nyenzo tunazo tayari. Katiba ya 1977 inasema katika ibara ya 26 kwamba kila mtu ana wajibu wa kuifuata na kuitii, na hapo hakuna wa kubabaika. Ibara ya 33, inayounda cheo cha Rais, imetumia "kutakuwa na". Hapo hakuna anayeamrishwa, cheo kinaundwa tu. Tofauti hiyo ndiyo inayopotea -ta- inapotumwa kufanya kazi zote mbili.

Jaribio kubwa zaidi ni kifungu cha 53 chenyewe. Kikifasiriwa kwa mazoea, kitalazimika kutangaza kwamba kiambishi cha wakati ujao maana yake ni lazima, na hapo kila -ta- inayompa mtu jukumu itabeba amri, iwe mtunzi aliikusudia au hakuikusudia. Napendekeza toleo la Kiswahili litaje "lazima" na "ana wajibu wa" kuwa ndiyo maneno ya wajibu, litaje "anaweza" kwa hiari, na -ta- iachiwe mambo yajayo.