Ngozi Ndiyo Iliyosema Kwanza: Historia ya Matibabu ya Miale

Leo tunazungumza nawe mama, na wewe mlezi unayemuuguza mgonjwa wa saratani nyumbani, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita kensa. Huenda mgonjwa wako amepangiwa matibabu ya miale, yale ambayo watu mtaani huyaita "kuchomwa". Neno hilo limewatia wengi hofu. Wapo wanaoacha matibabu katikati kwa sababu ngozi imebadilika. Wapo pia wanaokatazwa kuoga kwa wiki nzima, mpaka wanaona haya kukaa na watu. Ili tujue lipi la kufuata na lipi limepitwa na wakati, turudi nyuma tuone mambo haya yalianzaje.

Mnamo Novemba 1895, katika mji wa Würzburg nchini Ujerumani, mwanasayansi Wilhelm Röntgen aligundua miale isiyoonekana kwa macho, inayopenya mwili wa binadamu. Ndiyo hii tunayoiita eksrei. Mwezi uliofuata alipiga picha ya mkono wa mkewe, na mifupa ikaonekana pamoja na pete yake. Ulimwengu ulishangaa. Kufikia 1896 tayari kulikuwa na madaktari waliojaribu kuitumia miale hiyo kutibu uvimbe. Lakini miale haina harufu, na inapopita mwilini haiumi. Kwa hivyo watu hawakujikinga.

Ngozi ndiyo iliyosema kwanza. Huko Marekani, Clarence Dally, msaidizi wa mvumbuzi Thomas Edison, aliweka mikono yake kwenye miale siku baada ya siku alipokuwa akijaribu mashine. Akapata vidonda visivyopona, kisha saratani. Alikatwa mikono, na mwaka wa 1904 akafariki. Edison aliachana na kazi za eksrei.

Nchini Ufaransa, Marie na Pierre Curie walikuwa wamegundua radiamu mwaka wa 1898, madini yanayotoa miale yenyewe bila mashine. Mwaka wa 1901 mwenzao, Henri Becquerel, alitembea na kichupa cha radiamu mfukoni mwa kizibao chake. Baadaye ngozi iliyokuwa chini ya mfuko huo ikababuka. Pierre Curie naye alijiwekea radiamu mkononi kwa makusudi ili aone. Alipata kidonda kilichochukua zaidi ya mwezi mmoja kupona. Madaktari wakasema: kitu kinachoweza kuua seli za ngozi, kikielekezwa vizuri, kinaweza kuua seli za saratani.

Tatizo lilikuwa kipimo. Kwa miaka mingi hakukuwa na kipimo kimoja kilichokubaliwa na wote. Daktari aliitazama ngozi ya mgonjwa, na ikigeuka nyekundu, akajua miale imetosha. Kipimo cha kimataifa kilikubaliwa mwaka wa 1928, katika mkutano uliofanyika Stockholm, Sweden. Hata hivyo, mashine za wakati huo zilimwaga nguvu zake nyingi juu ya ngozi kabla ya kuufikia uvimbe ulio ndani. Mgonjwa aliungua sana.

Mambo mawili yalileta nafuu. La kwanza lilitoka Paris, ambako madaktari Claudius Regaud na Henri Coutard walionyesha, katika miaka ya 1920 na 1930, kwamba ni heri kugawa miale kidogo kidogo kwa siku nyingi kuliko kuitoa kwa wingi mara moja. Seli nzuri hupata nafasi ya kujirekebisha kati ya siku moja na nyingine, lakini seli za saratani hushindwa. La pili lilitoka Canada mwaka wa 1951, wakati wagonjwa wa kwanza walipotibiwa kwa mashine ya kobalti. Nguvu kubwa ya miale hiyo hufika kama nusu sentimita chini ya ngozi, kwa hivyo ngozi ya juu huumia kidogo zaidi kuliko zamani. Hapa kwetu, mashine ya kobalti ilitumika kwa miaka mingi katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi, ambako wagonjwa walisafiri kutoka pembe zote za nchi. Siku hizi kuna mashine za kisasa zaidi, na huduma imefika pia katika hospitali za umma za miji mingine, kama vile Mombasa, Nakuru na Garissa.

Sasa, mama, historia hii inakufaa nini? Ina mafunzo matatu.

Funzo la kwanza: usikatize matibabu. Mgonjwa wako huenda hospitalini karibu kila siku ya juma, mara nyingi kwa wiki kadhaa, kwa sababu ya ile kazi ya Paris. Siku zinazorukwa huipa saratani nafasi ya kukua tena. Ngozi ikianza kusumbua, mwambie muuguzi au daktari siku hiyo hiyo, na uendelee kumpeleka. Ni wao watakaoamua kama apumzike.

Funzo la pili: jua lugha ya ngozi yetu. Vitabu vya zamani viliandikwa na watu waliotazama ngozi nyeupe, ndiyo maana vinasema "itageuka nyekundu". Ngozi nyeusi huenda isionyeshe wekundu huo. Huzidi kuwa nyeusi, ikawa na joto ukiigusa, ikawasha, ikakauka au ikavuta. Usingoje wekundu. Itazame mahali penye mwanga, ukiilinganisha na ngozi ya upande wa pili, na umuulize mgonjwa anavyohisi. Mabadiliko haya huanza baada ya wiki mbili au tatu hivi, na huonekana tu pale miale inapopita. Yanaweza kuzidi kwa wiki moja au mbili baada ya matibabu kwisha, kisha ngozi ikaanza kupona. Usishtuke ukiona hivyo.

Funzo la tatu: aoge. Zamani wagonjwa wengi walikatazwa kuosha mahali palipopigwa miale, kwa kuogopa kuichokoza ngozi na kufuta alama zilizochorwa. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka wa 1992, na mwingine wa Canada uliochapishwa mwaka wa 2001, uliwalinganisha wanawake wenye saratani ya matiti waliooga na wale walioambiwa wasiguse maji. Kuosha kwa upole hakukuharibu ngozi. Walioosha hata walipata shida kidogo zaidi kuliko wenzao.

Basi fanya hivi. Tumia maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali wala manukato mengi. Osha kwa kiganja cha mkono, bila dodoki wala kusugua. Kausha kwa kugusagusa na taulo laini au leso safi, hasa chini ya matiti na kwapani. Usifute alama za wataalamu. Mvishe nguo pana za pamba. Sidiria inayobana iwekwe kando kwa muda. Mahali hapo pakingwe na jua kwa leso au kofia, hata miezi mingi baada ya matibabu. Usiweke chupa ya maji moto wala barafu, na usinyoe kwa wembe.

Mafuta ya kujipaka, chagua yasiyo na manukato, na kwanza umuulize muuguzi ni lini apake. Tafadhali usipake krimu za kujichubua, dawa ya meno, majivu, wala dawa ya kienyeji uliyoletewa na jirani, hata kama ana nia njema. Ngozi hiyo ni dhaifu, na vitu hivi huweza kuichoma au kuingiza viini.

Ukiona ngozi imefunguka, inatoa maji au usaha, inanuka, au mgonjwa ana homa, mpeleke hospitalini mara moja. Usingoje siku ya kliniki.

Kuna swali ambalo akina mama wengi huogopa kuliuliza: je, mgonjwa anaweza kumbeba mtoto? Akiwa anatibiwa kwa mashine iliyo nje ya mwili, miale haibaki mwilini mwake. Anaweza kumkumbatia mtoto, kula na wenzake na kulala na jamaa yake. Wapo wachache wanaowekewa dawa ya miale ndani ya mwili, na hao hupewa maagizo yao na daktari.

Msikilizaji, watu wa kwanza waliofanya kazi na miale walipuuza yale ambayo ngozi yao ilikuwa ikisema, kwa sababu hawakujua. Wewe sasa unajua. Jioni ya leo, baada ya mgonjwa wako kuoga, kaa naye penye mwanga, itazame ngozi yake, na utakaloliona umweleze muuguzi kesho.