Kabla ya Bangkok, Tembea Hadi Kaloleni

Wasee mnaniuliza nitaenda lini Bangkok nipige video nikitembea juani kama wengine. Lakini jua hata Eastlands liko. Vaa raba, shukia Kariokor, songa na miguu hadi Kaloleni. Hiyo safari haiitishi pasipoti.

Kariokor ni Carrier Corps kwa mdomo wetu: wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Mwingereza kwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Maelfu walikufa, wengi kwa magonjwa. Halafu unapita Burma, pale kwa nyama. Burma ni nchi ya Asia ambako askari wetu wa KAR walipigana na Wajapani mwaka 1944, wakipigania mfalme ambaye serikali yake iliwanyima kura huku nyumbani.

Sasa ingia Kaloleni, simama mbele ya ile social hall. Tarehe 23 Aprili 1950, KAU na chama cha Wahindi walifanya mkutano wa pamoja humo. Makhan Singh, kiongozi wa wafanyakazi aliyezaliwa Punjab, akadai uhuru kamili. Mwezi uliofuata akashikwa. Aliachiliwa Oktoba 1961.

Miaka 11 na zaidi! Na bado kuna msee mtandaoni anaambia kila Mhindi arudi kwao. Kwao wapi? Kama unaishi Kaloleni na hujawahi kusikia hilo jina, leo jioni ambia mdogo wako. Shule yangu haikuniambia.