Nani Analipia Paa la Mji Mkongwe?

Ukibahatika kukaribishwa ndani ya nyumba kongwe pale Kiponda au Sokomuhogo, usiushangae mlango wa nakshi; huo umeshapigwa picha vya kutosha. Pima chumba kwa hatua. Urefu wake unaweza kukupeleka mbali, lakini upana ni ule ule nyumba hadi nyumba: mita 2 na nusu, mara chache 3. Si kwamba mwenye nyumba alikosa kiwanja, wala fundi hakuwa mchoyo. Aliyeamua ni mkoko. Boriti zilizokatwa kwenye delta ya Rufiji na kuvushwa kwa majahazi haziwezi kuzidi sana urefu huo bila kupinda, na dari ya Unguja ni mzigo kweli kweli: mawe ya matumbawe, kokoto, udongo mwekundu na chokaa, vyote vimeshindiliwa juu ya vijiti hivyo.

Kuta nazo ni nene, zimeshikanishwa kwa chokaa. Chokaa hupumua. Unyevu ukiingia hupata njia ya kutoka, jua likiwaka ukuta unakauka. Sharti lake ni moja tu, kwamba juu kusivuje. Maji yakishapata tundu kwenye paa huteremka ndani kwa ndani, yakaosha chokaa taratibu hadi yakafika pale kichwa cha boriti kilipochomekwa ukutani. Boriti huanza kuoza hapo hapo, mahali ambapo jicho halifiki. Methali ya ufa na ukuta tumefundishwa sote skuli, lakini aliyeitunga hakuwa mpangaji wa Mjini. Huku ufa unaouona ukutani ni habari ya zamani. Shida ilianza juu, miaka kadhaa nyuma.

Nimeyatanguliza haya kwa sababu Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985, kwa kawaida husimuliwa kwa majumba yake makubwa na hati yake ya urithi wa dunia. Mimi naiona zaidi kama historia ya mapaa, na ya swali lisilopendeza katika vikao: nani alipie bati?

Kabla ya Mapinduzi ya Januari 1964 swali hilo lilikuwa na jibu. Nyumba ilikuwa na mwenyewe: Mwarabu aliyepata utajiri kwa karafuu, mfanyabiashara wa Kihindi aliyeishi juu ya duka lake, au wakf iliyowekwa ili kodi yake ihudumie msikiti ama kizazi cha aliyeiweka. Baada ya Mapinduzi wengi katika hao waliondoka, na majumba yao yakachukuliwa na Serikali. Familia kutoka Ng'ambo, mashamba na Pemba zikapewa vyumba. Ilikuwa haki kwa watu ambao walikuwa wakiyatazama majumba hayo kwa nje tu, na sitaki kuandika kama wanaodhani uharibifu uliletwa na maskini. Lakini nyumba iliyojengwa kwa ukoo mmoja sasa ilikaliwa na kaya nne, tano, kila moja na jiko lake na ndoo zake za maji. Kodi ilikuwa ndogo mno hata kununua misumari ya paa. Aliye chini hakuwa na sababu ya kupanda juu, na aliye juu hakuwa na uwezo. Serikali yenyewe ilikuwa imeelekeza nguvu upande wa pili wa barabara, kwenye majengo marefu ya Michenzani yaliyosanifiwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Maendeleo yalikuwa kule. Huku Mjini palionekana kama masalia ya masultani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa makaazi wa Umoja wa Mataifa walipita mtaa kwa mtaa wakikagua majengo, na walichokikuta kilitisha. Nyumba zilikuwa zinaanguka kila msimu wa mvua, na mahali pake hubaki kiwanja cha mawe ambacho jirani huchota ya kujengea kwingine. Kutokana na kazi hiyo ndipo Mamlaka ikazaliwa. Angalia jina lake: hifadhi na uendelezaji, maneno mawili ambayo tangu siku ya kwanza yamekuwa yakivutana kama wake wenza.

Hatua ya mwanzo ilielekea kwenye uendelezaji. Baadhi ya nyumba za Serikali zikauzwa kwa watu binafsi, kwa matarajio kwamba mwenye hati atapanda juu ya paa lake mwenyewe. Wengine walipanda kweli. Milango ya uchumi ilipofunguliwa na watalii wakaanza kumiminika, ikadhihirika pia kwamba chumba chembamba cha boriti kinageuka chumba cha kulala wageni bila tabu. Paa likapona, ila mpangaji akahama. Leo Shangani usiku unaweza kutembea vichochoro kadhaa usisikie mtoto akilia.

Kazi iliyoipa Mamlaka meno ilifanyika miaka ya 1990. Mwaka 1994 Baraza la Wawakilishi lilipitisha Sheria Namba 3 ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na katika miaka hiyo hiyo msanifu wa Kitaliano Francesco Siravo, kwa ufadhili wa Aga Khan Trust for Culture, aliandaa mpango mkuu wa mji, uliochapishwa kama kitabu mwaka 1996. Mpango ule haukuishia kwenye makasri. Ulitaka kila jengo litazamwe: urefu wake, madirisha yake, baraza yake, na pia nafasi iliyo wazi mbele yake. Hilo la nafasi wazi lilionekana dogo wakati huo. Tutalirudia.

Mfano wa kuonyesha ukasimama Mizingani, karibu na bandari. Tajiri Tharia Topan alianza kujenga hospitali pale mwaka 1887, akafariki kabla haijakamilika, mjane wake akaimaliza. Baadaye ikawa zahanati ya hisani, na ndiyo sababu hadi leo wazee huiita dispensari. Baada ya 1964 iliachwa, roshani zake za mbao zikawa zinaning'inia juu ya barabara. Aga Khan Trust waliitengeneza upya kwa chokaa na mbao, na kazi hiyo ikawa pia darasa la mafundi. Fundi aliyezoea zege akajifunza tena jinsi ya kuzima chokaa na kusubiri.

Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia. Sherehe zilikuwa za haki. Ila hati ile haikuja na bati, na ilimleta mkaguzi. Hapo ndipo zile nafasi wazi zilipoibuka. Pale Shangani, kando ya Mambo Msiige, jumba la karne ya 19 lililowahi kuwa ubalozi mdogo wa Uingereza, palitolewa ruhusa ya hoteli ambayo pamoja na kulikarabati jumba lenyewe iliongeza jengo jipya ufukweni. Kamati ya Urithi wa Dunia ililalamika kuhusu ukubwa wake na mahali lilipowekwa. Hoteli ikafunguliwa 2015 hata hivyo. Jina la jumba lile maana yake ni mambo ambayo watu wasiyaige, na wenye midomo yao Mjini hawakuhitaji kutafuta utani mwingine. Kisheria Mamlaka inaweza kumzuia mjane wa Mkunazini asiweke dirisha la alumini. Kwa mwekezaji mwenye baraka za juu, sauti yake hushuka.

Na Beit al-Ajaib? Sultani Barghash alipolijenga mwaka 1883 alikataa kutawaliwa na mkoko. Alitaka kumbi pana, kwa hiyo pamoja na boriti akaagiza mihimili na nguzo za chuma. Likawa refu kuliko yote, likanusurika mizinga ya Waingereza ya 1896 iliyoangusha mnara uliokuwa mbele yake, likaja kuwa makumbusho. Lakini chuma kando ya bahari nacho kina ugonjwa wake, na maji ni yale yale. Mwaka 2012 sehemu yake ilianguka, likafungwa. Tarehe 25 Disemba 2020, matengenezo yaliyofadhiliwa na Oman yakiwa yameanza, upande wa mbele na mnara wa saa uliporomoka. Wafanyakazi 2 walikufa. Jengo hilo lilikuwa chini ya watu wa makumbusho na mambo ya kale, si Mamlaka pekee, na huo ni upande mwingine wa swali letu: hata paa maarufu kuliko yote Zanzibar lilikuwa na wenyewe wengi mno.

Siku hizi wapangaji wa mji wanazungumza pia juu ya Ng'ambo, ambako sheria ya 1994 haikufika, kana kwamba historia iliishia Darajani. Ni jambo jema, na limechelewa. Lakini nikipita Mjini mwezi wa Machi, masika yakinukia, macho yangu hayaendi huko. Naangalia nani anarekebisha nini. Chokaa iliyo safi huchomwa kwenye tanuri, ikazimwa kwa maji, kisha hulazwa shimoni miezi kadhaa ndipo ifae kupakwa. Mama ambaye usiku maji yanamdondokea kitandani, na ambaye nyumba yake ni ya wakf upande mmoja na ya Serikali upande mwingine, hana miezi hiyo. Humtuma kijana dukani akachukue mfuko wa saruji. Jioni ukuta umepigwa lipu ya kijivu, laini, haina hata ufa, na unyevu umefungiwa ndani pamoja na boriti.