Manahodha Wengi: Mashua ya Laser na Jina Lililopotea

Wahenga wa pwani walionya kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hiyo ilikusudiwa chombo kimoja kilichobeba wakuu wengi. Historia ya mashua ya mashindano iitwayo Laser inaigeuza. Hapa pana vyombo zaidi ya 200,000, kila kimoja na nahodha wake mmoja tu, na mrama wenyewe ukatokea nchi kavu, baina ya wale walioshika haki za kuviunda, kuvipa jina na kuviwekea sheria.

Asili yake ni mazungumzo ya simu. Mwaka 1969 Ian Bruce, mbunifu wa bidhaa huko Montreal, Kanada, alimpigia rafiki yake Bruce Kirby, mwandishi wa habari na mwanatanga aliyeiwakilisha Kanada katika Olimpiki za 1956, 1964 na 1968. Bruce alitaka mashua ndogo ya kuchukulika juu ya gari. Kirby alianza kuichora simu ikiwa bado mkononi. Mpango ule wa kwanza ulivunjika, lakini mchoro ukahifadhiwa, na mwaka 1970 mashua ikajaribiwa majini kwa tanga lililoshonwa na Hans Fogh. Ilipoonyeshwa New York Januari 1971, yalipokewa maagizo 144. Ilikuwa na urefu wa mita 4.23, mlingoti wa vipande viwili na tanga moja la mita 7.06 za mraba.

Siri ya kupendwa kwake haikuwa mwendo. Zilikuwapo mashua zenye kasi zaidi. Siri ilikuwa usawa. Katika mashindano mengi ya tanga, mwenye fedha humtafuta fundi bora, akaundiwa chombo chepesi zaidi, na pengine akashinda kabla ya kutia chombo majini. Laser ilikataa jambo hilo. Kila mjenzi alifuata mwongozo mmoja wa ujenzi, na mashua zilizotoka katika kiwanda kimoja zilipaswa kuwa ndugu wa zile zilizotoka katika kiwanda cha bara jingine. Mshindani hakuruhusiwa kuchonga, kupunguza uzito wala kuongeza kifaa, kwani kanuni ilisema kwamba lisiloruhusiwa waziwazi limekatazwa. Yaliyobaki kumtofautisha mtu na mwenzake ni uhodari wa kuusoma upepo na mawimbi, na nguvu ya mwili wake.

Mlinzi wa usawa huo alikuwa chama cha kimataifa cha wanatanga wa Laser, kifupi ILCA. Mwaka 1974 mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Bermuda, na Peter Commette wa Marekani akashinda. Kubadili kanuni hakukuwa jambo la mtu mmoja. Pendekezo lilipaswa kupita katika Baraza la Dunia la chama, kisha Baraza la Ushauri, kisha kupata thuluthi mbili ya kura za wanachama waliojibu, na mwisho kukubaliwa na shirikisho la dunia la mchezo wa tanga. Kwa utaratibu huo, nahodha wa kawaida katika klabu ndogo alikuwa na sauti juu ya chombo chake.

Matunda yake yalionekana. Laser ilipoingia Olimpiki mwaka 1996, Robert Scheidt wa Brazili alichukua dhahabu na kijana Mwingereza, Ben Ainslie, akapata fedha. Miongoni mwa washindani alikuwamo Allan Julie wa Shelisheli, mtoto wa visiwa vya Bahari hii ya Hindi, akiwa ndani ya chombo kilekile cha wenzake wa mataifa makubwa. Mwaka 2008 wanawake wakapewa mashindano yao kwa mashua hiyohiyo, yenye tanga dogo la mita 5.76 za mraba. Mwaka 2013 mashindano ya dunia ya wanaume yalifika Mussanah, Oman, na Scheidt akashinda tena.

Hata hivyo, nyumba hii ilikuwa na kufuli zenye funguo katika mikono mbalimbali. Haki ya mchoro ilikuwa ya Kirby. Ruhusa ya ujenzi ilikuwa ya viwanda. Jina la biashara lilikuwa mali ya kampuni, kila moja na eneo lake la dunia. Chama kilishika kanuni, na shirikisho lilishika mlango wa Olimpiki. Maadamu wote walipatana, mlango ulifunguka bila kelele.

Mapatano yalivunjika pale Kirby na baadhi ya wajenzi walipogombana juu ya malipo na mikataba. Mwaka 2011 chama kiliwaomba wanachama waondoe kanuni iliyomlazimu mjenzi kuwa na leseni ya Kirby. Wanachama walikubali, na shirikisho likaidhinisha mwaka 2013. Mwaka huohuo Kirby alikwenda mahakamani Marekani, na akajaribu kuirejesha mashua yake kwa jina jipya la Torch. Hapo swali likawa zito: je, wengi wana haki ya kumtoa kwa kura aliyewapa chombo?

Mwaka 2019 zamu ya kuvuliwa ikakifikia chama chenyewe. Kilivunja uhusiano na LaserPerformance, mjenzi wa Ulaya na Amerika, kikisema kwamba kilizuiwa kukagua kiwanda, dai ambalo kampuni ililipinga. Lakini jina Laser katika maeneo hayo halikuwa la chama. Basi chama kikaliacha jina lililojulikana kwa karibu nusu karne, na mashua mpya zikaitwa ILCA. Wajenzi wapya wakakaribishwa, wakiwamo wa Poland, Uchina na Thailand.

Kirby alifariki Julai 2021, akiwa na umri wa miaka 92. Katika Olimpiki za 2024, majini pa Marseille, Matt Wearn wa Australia na Marit Bouwmeester wa Uholanzi walitwaa dhahabu katika mashua zenye umbo lilelile alilolichora akiwa kwenye simu. Jina lilikuwa limetoka, na mchoraji alikuwa ametoka, lakini usawa ulibaki. Huenda huo ndio uliokuwa mali halisi ya chama tangu mwanzo, kwani ndio pekee ambao hakuna kampuni iliyoweza kuusajili kuwa wake. Wala haukuokolewa bure: aliyeuasisi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuulipia.