Moto wa Triangle na Miswada ya Albany

Mwanzoni mwa karne ya 20, sheria nyingi za kazi nchini Marekani hazikutungwa Washington bali katika mabunge ya majimbo. New York ndiyo iliyoongoza nchi nzima kwa viwanda, na bunge lake lilikutana mjini Albany kila Januari, likafanya kazi kwa miezi michache, kisha likafungwa. Muswada ambao haujapigiwa kura hadi siku ya kufungwa ulikufa, na waliouhangaikia walilazimika kuanza upya mwaka uliofuata. Kwa hiyo mtu aliyetaka kupinga muswada hakuwa na haja ya kuushinda kwa hoja, ilitosha kuuchelewesha.

Hata muswada uliopita ulikuwa bado na hatari mbele yake, nayo ni mahakama. Mwaka 1905 Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta sheria ya New York iliyowawekea waoka mikate kikomo cha saa 60 kwa wiki. Mwaka 1907 Mahakama ya Rufaa ya jimbo ikafuta sheria iliyokataza wanawake kufanya kazi viwandani usiku. Majaji walishikilia kwamba kila mtu ana uhuru wa kupatana na mwajiri wake, na kwamba serikali haiwezi kuingilia mapatano hayo bila sababu ya wazi ya afya au usalama. Dalili ya kwanza ya njia ya kutokea ilionekana mwaka 1908. Wakili Louis Brandeis na mtafiti Josephine Goldmark, walipokuwa wakitetea sheria ya jimbo la Oregon, waliwapelekea majaji kurasa zaidi ya 100 za taarifa za madaktari na wakaguzi wa viwanda, wakashinda. Tangu hapo wanamageuzi walijua kwamba uchungu wao peke yake haungetosha, na kwamba walihitaji ushahidi uliokusanywa na kuandikwa.

Tarehe 24 Machi 1911 Mahakama ya Rufaa ya New York ilifuta sheria nyingine, ile ya fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini. Kesho yake, Jumamosi jioni, moto ulizuka katika orofa ya 8 ya Jengo la Asch jijini New York, kwenye kiwanda cha blauzi cha Triangle. Wengi wa wafanyakazi wake walikuwa wasichana wa Kiyahudi na wa Kiitaliano waliohamia Marekani na familia zao. Katika orofa ya 9 mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, ngazi ya nje ya dharura iliporomoka kwa uzito wa watu, na ngazi za zimamoto zilifika orofa ya 6 tu. Walikufa watu 146, makumi kati yao kwa kujirusha madirishani mbele ya umati uliokuwa barabarani. Katika umati huo alikuwamo Frances Perkins, katibu wa Umoja wa Watumiaji wa Bidhaa wa New York, ambaye tayari alikuwa akienda Albany kudai wiki ya kazi ya saa 54 kwa wanawake.

Misiba mikubwa imetokea mahali pengi bila kuzaa sheria yoyote, na huu pia ungeweza kupita hivyo. Wenye kiwanda, Max Blanck na Isaac Harris, walishtakiwa na kuachiwa huru Desemba mwaka huohuo. Lakini kamati ya usalama iliyoundwa na wananchi ilikwenda kwa Al Smith, kiongozi wa walio wengi katika Baraza la Wawakilishi la jimbo, naye akawapa ushauri wa mtu anayelijua bunge: wasiombe tume ya watu mashuhuri, waombe tume ya wabunge wenyewe, kwa sababu mbunge humsikiliza mbunge mwenzake. Ndivyo ilivyozaliwa Tume ya Kuchunguza Viwanda, mwenyekiti wake akiwa Seneta Robert F. Wagner na makamu wake Smith. Kati ya wajumbe 9 walikuwamo Samuel Gompers wa vyama vya wafanyakazi na Mary Dreier wa umoja wa wafanyakazi wanawake.

Tume ilikuwa na mamlaka ya kuwaita mashahidi kwa nguvu ya sheria, na vikao vyake vilikuwa vya hadhara. Ilikaa New York, Buffalo, Rochester, Syracuse, Utica na kwingineko, ikawasikiliza mashahidi 222 katika mwaka wa kwanza: washonaji, wenye viwanda, wakaguzi, madaktari, maofisa wa zimamoto. Kila neno liliandikwa, nalo likajaza kurasa 3,489. Jambo hili nalipa uzito mkubwa, maana mfanyakazi ambaye jana hakuwa na pa kusemea, leo aliapishwa na kuulizwa maswali na seneta, na jibu lake likaingia katika kumbukumbu za jimbo. Wanawake hawakuwa na haki ya kupiga kura New York hadi 1917. Kutoa ushahidi kulikuwa mojawapo ya milango michache iliyowafikisha kwenye sheria.

Perkins, aliyeifanyia Tume kazi ya uchunguzi, hakuridhika na wajumbe kusikia tu. Alimpeleka Smith alfajiri kwenye kiwanda cha kamba kuwatazama wanawake wakitoka zamu ya usiku ya saa 10. Akamtaka Wagner atambae kupitia tundu la ukutani hadi kwenye ngazi ya chuma iliyoganda barafu, ambayo iliishia futi 12 juu ya ardhi. Mwenye kiwanda aliiita ngazi hiyo njia ya kuokokea moto.

Mwishoni mwa Machi 1912 kikao kilikaribia kufungwa, na muswada wa saa 54 ulikuwa umekwama. Wenye viwanda vya kufunga mboga na matunda kwenye makopo walitaka viwanda vyao viachwe nje, na msimamo wa wanamageuzi ulikuwa kutokubali hilo kamwe. Perkins aliamua mwenyewe, papo hapo, kuukubali muswada hata bila viwanda hivyo. Kura zilipungua mbili. Kwa maelezo ya Perkins mwenyewe, Seneta Tim Sullivan na binamu yake walikuwa wamekwenda kupanda meli ya kurudi jijini New York. Wakapigiwa simu, wakarudi wakikimbia mlimani hadi bungeni, wakapiga kura, na muswada ukapita. Waliomlaumu Perkins kwa kuwaacha wanawake wa makopo walikuwa na hoja nzito, lakini naona alichagua vyema: mwaka uliofuata viwanda hivyo navyo viliwekewa kikomo, ingawa kwa masharti legevu.

Mwaka 1913 Smith akiwa Spika, bunge lilipitisha miswada 25 kati ya 28 ya Tume. Sheria zilizotokana na kazi ya Tume zilihusu milango isiyofungwa kazini, mazoezi ya kujiokoa, vinyunyizio vya maji katika majengo marefu, kazi za watoto na zamu za usiku.

Kwa nini ilipita kwa wingi hivyo? Wapo wanaosema ni hofu ya moto, lakini hofu ile ilikuwa na miaka miwili tayari. Wengine huelekeza kidole kwa Charles Murphy, bwana wa chama cha Demokrasia jijini, aliyeona wapiga kura wahamiaji wakivutwa na Wasoshalisti. Kweli mwaka 1914 Msoshalisti Meyer London alichaguliwa katika Bunge la Marekani kutoka mitaa ya wahamiaji hao. Sababu hii ina nguvu, nayo inaeleza kwa nini wanasiasa walitaka kupitisha sheria. Haielezi kwa nini sheria zilikuwa na undani ule, wala kwa nini zilidumu. Hayo yalitokana na vikao vya hadhara.

Uthibitisho ulikuja mwaka 1915. Kiwanda kimoja cha uchapaji kilipinga katazo jipya la kazi ya usiku, na shauri likafika katika Mahakama ya Rufaa ileile iliyofuta katazo la kwanza. Safari hii mawakili wa jimbo walikuwa na ripoti za Tume mkononi. Majaji walieleza kwamba mwaka 1907 hawakuwa na taarifa hizo mbele yao, wakaiacha sheria isimame.