Peja, Kibanda cha Simu na Wallace

Binamu yangu ana miaka 19 na hajawahi kushika peja. Tulipoanza kutazama The Wire pamoja, msimu wa kwanza, mimi kwa mara ya tatu na yeye kwa mara ya kwanza, alisimamisha laptopu katikati ya kipindi akauliza, "Hiyo kitu kiunoni ni ya nini? Ni ya wagonjwa wa sukari?" Nikacheka vibaya. Nikamweleza: unapigia peja ya mtu, unaacha namba, naye anatafuta simu ya kulipia ndiyo akupigie. Akatingisha kichwa. "Zii, hiyo ni kazi mob."

Ni kazi kweli, na tamthilia nzima imejengwa juu ya kazi hiyo. HBO iliianza kuionyesha Juni 2002, vipindi 13, na hata wakati huo ilikuwa inatuonyesha dunia iliyokuwa ikifa. Watu wa Avon Barksdale, wauzaji wa mihadarati magharibi mwa Baltimore, hawabebi simu za mkononi. Wanatumia peja na vibanda vya simu, na hata namba wanazotumiana wamezificha. Kwenye vitufe vya simu wanaruka 5 iliyo katikati: 1 inakuwa 9, 2 inakuwa 8, 3 inakuwa 7, 4 inakuwa 6, na 5 inabadilishana na 0. Hesabu ndogo tu, ya mtoto wa shule. Mbona? Kwa sababu mtoto wa shule ndiye anayepaswa kuikumbuka usiku, mvua ikinyesha, karao wakizunguka.

Anayeivunja siri hiyo ni Prez, polisi ambaye vipindi vichache kabla alimpiga kijana wa miaka 14 kwa bastola usoni mpaka jicho moja likapofuka. Mara ya kwanza nilipoitazama nilimshangilia Prez. Yaani nilisimama kwenye kiti. Safari hii nilikaa kimya, nikijiuliza yule kijana alienda wapi.

Hadithi hii haikutoka hewani. David Simon alikuwa ripota wa uhalifu wa gazeti la Baltimore Sun kwa zaidi ya miaka kumi. Mwenzake, Ed Burns, alikuwa mpelelezi wa polisi wa jiji hilohilo, na baadaye mwalimu wa shule. Katika miaka ya 1980 Burns alimwandama bwana mmoja aliyeitwa Melvin Williams, "Little Melvin", mfanyabiashara mkubwa wa heroini, na alimfikia kwa kunasa simu. Williams alikamatwa mwaka 1984. Simon aliandika mfululizo wa makala kumhusu mwaka 1987, na makala hizo ndizo mbegu ya msimu wa kwanza. Williams alitoka jela mwaka 2003, na mwaka uliofuata akatokea kwenye tamthilia yenyewe, msimu wa tatu, akiigiza shemasi wa kanisa. Aliyenaswa, aliyemnasa na aliyeandika habari wakawa kwenye kazi moja. Ukiniuliza mimi, hilo pekee lingetosha kuandikiwa filamu.

Kinachonivutia zaidi sasa si ujanja bali sheria. Kwa nini polisi wa Luteni Daniels wanapanda juu ya paa na darubini kwa ajili ya simu ambayo tayari wameinasa? Kwa nini anayevaa visikilizi anatakiwa kuacha kusikiliza mtu akianza kuongea na mamake? Ili kujibu hilo lazima urudi nyuma kidogo.

Mwaka 1928 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisikiliza kesi ya Roy Olmstead, aliyekuwa polisi wa Seattle kabla ya kuwa mfalme wa pombe haramu. Maajenti wa serikali walikuwa wameunganisha nyaya kwenye laini zake bila kuingia nyumbani kwake. Majaji watano dhidi ya wanne wakasema: hakuna aliyevunja mlango, kwa hiyo hakuna haki iliyovunjwa. Ikachukua karibu miaka 40 kulibadilisha hilo, na aliyelibadilisha alikuwa mcheza kamari. Charles Katz alikuwa akipiga simu za kamari kutoka kibanda cha simu Los Angeles, na FBI wakabandika kinasa sauti nje ya kibanda. Mwaka 1967 mahakama ikasema mtu akifunga mlango wa kibanda ana haki ya kuamini maneno yake ni yake. Kinacholindwa ni mtu, si mahali. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria: uende kwa jaji, umwonyeshe kwamba njia nyingine zimeshindikana, na usisikilize yasiyokuhusu.

Kwa hiyo zile saa ndefu za kuchosha juu ya paa ni kesi ya Katz ikifanya kazi. Kibanda ni cha umma. Bibi anayempigia mwanawe hana hatia. Lazima mtu aone kwa macho yake kwamba anayeshika simu ni Bodie au Poot, aseme kwenye redio, ndiyo mwenzake aruhusiwe kusikiliza. Nazipenda saa hizo. Tamthilia nyingi zingezikata.

Lakini kuna kifaa kingine mle ndani, na hicho ndicho kilichonikosesha usingizi. Kabla ya kupata kibali cha kusikiliza, polisi wanapata kwanza namba tu: nani alimpigia nani, saa ngapi. Maneno hakuna. Kunasa namba ni rahisi zaidi, na urahisi huo ulizaliwa Baltimore yenyewe. Mwaka 1976 mwanamke mmoja wa jiji hilo aliibiwa, kisha mwizi akaanza kumpigia simu za kumtisha. Polisi waliomba kampuni ya simu irekodi namba alizokuwa akipiga mshukiwa, bila kibali cha jaji. Kesi hiyo, Smith dhidi ya Maryland, ilifika Mahakama ya Juu mwaka 1979. Majaji wengi wakasema: ukipiga namba umeshaipa kampuni ya simu, kwa hiyo si siri yako tena.

Mmoja wa waliopinga alikuwa Thurgood Marshall, mzaliwa wa Baltimore. Kama jina hilo unalijua kwa sababu nyingine, hujakosea. Ni yuleyule wakili aliyekuwa mshauri wa wajumbe wetu Waafrika kwenye mkutano wa Lancaster House, London, mwaka 1960, na akaandika rasimu ya haki za msingi kwa ajili ya Kenya iliyokuwa ikielekea uhuru. Miaka 19 baadaye, akiwa jaji, alisema jambo ambalo hata binamu yangu alilielewa mara moja: simu si anasa ya kuchagua. Huwezi kumwambia mtu kwamba kwa kuitumia amekubali kuchunguzwa, wakati hawezi kuishi bila kuitumia. Sisi ambao kodi ya nyumba, nauli na mchango wa matanga vyote vinapita kwenye laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho, Marshall hana haja ya kutufafanulia.

Alishindwa, hata hivyo. Na kesi ile ndogo ya mwizi wa Baltimore ikakua. Mwaka 2013 Edward Snowden alipofichua kwamba serikali ya Marekani ilikuwa ikikusanya rekodi za simu za mamilioni ya watu, Smith dhidi ya Maryland ndiyo iliyokuwa ngao ya mawakili wa serikali. Rais wakati huo alikuwa Obama, tunayemwita wetu hapa, ambaye mwaka 2008 alisema The Wire ndiyo tamthilia anayoipenda kuliko zote na Omar ndiye mhusika wake. Sijui nicheke ama nilie.

Dalili ilikuwepo tangu kipindi cha kwanza. McNulty anamtembelea rafiki yake wa FBI, anaonyeshwa kamera iliyofichwa ndani ya nyumba ya wauza unga, picha moja kwa moja, safi kabisa. Anatamani mpaka mate yanamtoka. Rafiki anamwambia hiyo ndiyo ya mwisho, sasa wanahamia ugaidi. Ni miezi tu baada ya Septemba 2001. Mara mbili za kwanza sikuisikia sentensi hiyo.

Sasa Wallace. Ana miaka 16, analea watoto wadogo kwenye nyumba iliyoachwa, na umeme wameuvuta kutoka kwingine kwa waya. Michael B. Jordan aliigiza akiwa bado kijana mdogo, kabla dunia haijamjua. Ni Wallace aliyemwona Brandon kwenye ukumbi wa michezo na kupiga simu iliyomuua. Namba za usiku ule zilibaki kwenye rekodi za polisi, na baadaye waliweza kuzifuata moja baada ya nyingine. Maneno hawakuwa nayo.

Wallace anavunjika moyo, anawaambia polisi anachojua, na Daniels anampeleka kwa nyanyake mashambani. Halafu Kima anapigwa risasi, kitengo kizima kinachanganyikiwa, na hakuna anayemkumbuka kijana. Wana mashine inayojua kila kibanda cha simu magharibi mwa Baltimore. Simu moja tu kwa nyanya, ya kuuliza mtoto anaendeleaje, hakuna aliyepiga. Wallace anachoka na mlio wa nyenje usiku, anarudi mtaani, na wanaomuua ni Bodie na Poot, marafiki zake.

Binamu yangu alifunga laptopu kabla ya majina ya waigizaji kupita. Akauliza kama msimu wa pili pia ni hivyo. Nikamwambia wa pili ni wa bandarini, na kwamba tungeuanza kesho yake. Akaenda kuchaji simu.